Maana Binafsi ya Marehemu Lugendo

Nchi yenyewe sitaitaja. Jina lake linatajwa kwa kibali, na kibali changu kimekwisha muda. Mimi kazi yangu ni kunoa visu, natembea na jiwe langu toka mji hadi mji, na shule nimesoma vipande vipande: darasa la kwanza hapa, la tatu kule, la pili sikuwahi kulipata. Nikikosea mahali, mwenye darasa la pili atanisahihisha. Ila haya niliyaona kwa macho yangu, na sina ugomvi na serikali yoyote, hasa ile.

Niseme mapema kwamba sijapata kuona nchi inayopendwa na watu wake kama ile. Mapenzi yao yana siku na saa: Jumatatu, saa moja kamili asubuhi. King'ora kikilia, aliye shambani anaweka jembe chini na kusimama. Kinyozi anasimama, na mteja wake anasimama vilevile akiwa na nusu ya ndevu. Aliye chooni sheria imemhurumia, anaruhusiwa kusimama humohumo, mradi aelekee Ikulu. Halafu wote wanakisema Kiapo cha Uaminifu.

Kiapo chenyewe kwa urefu kinatosha kuchemsha yai. Sehemu ya kuipenda nchi ni fupi, haizidi pumzi moja. Kinachokirefusha ni majina ya Mtukufu, maana lazima yatajwe yote: Nguzo Isiyopinda, Mwavuli wa Wanyonge, Dume la Mvua, Mkwe wa Taifa, na mengine kama thelathini, na kila mwaka siku yake ya kuzaliwa linaongezwa moja.

Hata mimi mgeni niliapishwa mpakani. Kiapo cha wageni ni kifupi: unaapa kuipenda nchi ile kuliko kwenu kwa muda wa siku tisini. Nikamuuliza askari, "Na siku ya tisini na moja je?"

Akafikiri sana, akakuna kidevu. "Siku hiyo, mzee, unaanza kupenda kwenu tena. Lakini taratibu."

Watu waliapa hivyo miaka kumi na tisa, na hakuna aliyemuuliza mwenzake kisa. Balaa lilianza Jumatatu moja Mtukufu alipochungulia pazia la Ikulu, akamwona mtunza bustani anaapa huku kipande cha muhogo kimemvimbisha shavu. Mtukufu alihuzunika. Wanasema hakunywa chai siku hiyo mpaka saa nne. Jioni akazungumza redioni, na alizungumza hadi betri za wilaya nzima zikaisha.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Mnaapa. Lakini je, mnaapa? Mdomo nauona, je, moyo uko wapi? Kuanzia leo kila raia atakuwa na Maana Binafsi ya Kiapo, itokayo katika kina cha moyo wake mwenyewe, kwa hiari yake mwenyewe, kabla ya tarehe thelathini!"

Ikaundwa Wizara ya Maana. Wananchi wa kwanza kwenda walikuwa wepesi wa moyo, wakasema kilichokuwamo. Mama mmoja mfinyanzi alisema maana yake binafsi ni kwamba kwa muda ule anaunyoosha mgongo. Akawekwa ndani wiki mbili kwa kuwa na maana tofauti. Waliofuata wakaogopa, wakajifunza kwa ghibu maana ya Waziri iliyokuwa imechapwa gazetini, neno kwa neno. Hao nao wakakamatwa kwa kosa la kuiba moyo wa Waziri. Ndipo serikali, kwa huruma yake, ikatoa kitabu kidogo cha kijani, *Mwongozo wa Maana Binafsi*, chenye maana tano zilizopimwa, ili kila mtu achague mwenyewe aliyopangiwa. Wakulima walipewa namba moja, "Kiapo kwangu ni kama mvua kwa shamba." Wavuvi walipewa hiyohiyo, ila wao waliruhusiwa kuishusha sauti kidogo.

Ukishaitoa, unagongewa muhuri kwenye cheti. Bila cheti hupandi basi, huozi binti, huuzi hata kuku.

* * *

Katika wilaya ya Mirongo nilifikia kwa mchimba visima mmoja, Mzee Lugendo, na mkewe Bi Sihaba. Walinipa pembe ya ua, nikaweka jiwe langu, nikanoa visu vya mtaa mzima. Lugendo alikuwa mtu mrefu, mkimya, ana kikohozi kilichotokana na kukaa sana chini ya ardhi, na koti moja lililokaukiana na matope hadi likivuliwa linasimama lenyewe.

Siku moja aliitwa ofisi ya Maana kwa mara ya tatu, nami nikamsindikiza. Kaunta alikuwako binti mmoja mwenye adabu nzuri, na mbele yake faili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Leo umekuja na maana?"

"Ninayo."

"Haya, itoe basi."

"Kwanza nikuulize. Hii maana ni yangu, au ni yenu?"

"Ni yako, mzee. Ndiyo sababu inaitwa binafsi."

"Yangu kabisa?"

"Yako kabisa."

"Kama hii suruali yangu?"

Yule binti akaitazama suruali. "Ndiyo, kama suruali yako."

"Basi, mwanangu, tangu nizaliwe sijaivua suruali yangu mbele ya kaunta."

Akakohoa, akasema "haya," akainuka, tukarudi nyumbani. Binti alikuwa anaandika kila neno, maana ndiyo kanuni: cha mwananchi hakitupwi. Nilipochungulia kabla hatujatoka niliona ameandika chini kabisa: *Anayo, lakini haitoi.*

Wangemfunga, hilo halina shaka. Lakini kisima cha ofisi ya wilaya kilikuwa kinakauka, na Lugendo ndiye peke yake aliyejua maji yamekimbilia upande gani. Wakamvumilia kwa sababu ya kiu.

Akafa Jumamosi moja mchana. Alikuwa ameketi kwenye kigoda anamsimulia mkewe habari ya kisima alichochimba zamani, akanyamaza katikati ya habari. Bi Sihaba alikuwa anachambua mchele. Alisubiri amalizie. Alisubiri kitambo, hata mchele ukaisha.

* * *

Wachimba visima wenzake walichimba kaburi jioni ileile. Kazi ya mazoea haina breki. Walipokuja kushtuka walikuwa wamekwenda chini mno, na udongo umeanza kuwa na unyevu. Wakafukia kidogo. Kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa kibali.

Mjumbe wa nyumba kumi alikwenda ofisini kukiomba, akarudi amebeba karatasi. Akatusomea. Sheria inasema raia asiyetoa Maana Binafsi haruhusiwi kutoka nchini. Na Mwanasheria Mkuu ameshafafanua kwamba kufa ni kutoka nchini kwa njia ya chini. Tena ardhi ni mali ya Nchi, nayo Nchi haiwezi kumpokea mtu ambaye haijui maana yake. Atakayezikwa kwa siri atafukuliwa, na waliomzika watatiwa ndani pamoja naye.

"Pamoja na maiti?" akauliza mtu.

Mjumbe akaigeuza karatasi, akaangalia nyuma. "Haikufafanuliwa."

Jumapili ikaamka na jua kali. Bi Sihaba alikuwa ameketi kwenye mkeka karibu na mumewe, anapunga ungo kumfukuzia nzi. Hakuwa analia sana. Aliniambia, "Mgeni, mume wangu hajawahi kunuka, hata akitoka kisimani. Alikuwa ananukia udongo uliolowa. Sitaki aanze kunuka leo mbele za watu. Nataka aende leo."

Nikamwambia ataenda. Sijui nililisema kwa mamlaka gani.

Saa sita gari la serikali likafika. Aliyeshuka ni Bwana Sengondo, Afisa Maana Daraja la Pili, ametoka makao makuu hana hata siku tatu wilayani. Kijana wa makamo, kofia ya kazi, miwani, faili kwapani, muhuri umening'inia shingoni kwa kamba kama hirizi. Alituamkia vizuri, akatoa pole, akasogea hadi kwenye maiti, akasimama wima.

"Marehemu Lugendo!" akasema kwa sauti ya kaunta. "Kwa mamlaka niliyokabidhiwa, nakuuliza kwa mara ya kwanza: ni nini Maana yako Binafsi ya Kiapo cha Uaminifu?"

Nzi mmoja akatua kwenye faili.

"Nakuuliza kwa mara ya pili!"

Bi Sihaba akapunga ungo.

"Nakuuliza kwa mara ya tatu, ambayo kisheria ni ya mwisho!"

Alisubiri, akitazama saa ya mkononi, maana kanuni inampa marehemu dakika mbili. Zilipotimia akafungua faili, akaandika huku anasoma kwa sauti: "Amekaa kimya kwa makusudi." Kisha akatugeukia. "Ndugu wafiwa, poleni tena. Mazishi yamezuiwa mpaka marehemu atakapotoa ushirikiano."

Hapo ndipo aliponyanyuka Bibi Nyangeta, dada mkubwa wa marehemu, kikongwe mwenye meno manne na ulimi wa watu wanane.

"Baba, hebu sema tena hilo neno. Ushirikiano."

"Ushirikiano," akasema Bwana Sengondo.

"Unaliburura. Wewe mtu wa wapi?"

"Mimi ni mtumishi wa umma, bibi."

"Umma ndio uliokunyonyesha? Nauliza kitovu chako kilizikwa wapi."

"Bibi, swali hilo halimo katika utaratibu wa leo."

"Gunga," akasema Bibi Nyangeta. "Pua hiyo ya Gunga. Nakuuliza mbele ya maiti, kataa."

Bwana Sengondo akatazama viatu vyake. "Nimezaliwa Gunga, ndiyo. Lakini niliondoka nikiwa mdogo sana."

Bibi Nyangeta akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. "Mtani wetu kaja! Jamani, tulikuwa tunazika bila mtani, kumbe serikali imetuletea!"

Msomaji ambaye kwao hakuna mambo haya nimweleze. Wamirongo na Wagunga walipigana zamani kwa sababu ya chemchemi moja ya chumvi. Walipochoka kuuana wakapatana kwamba tangu siku ile hadi dunia iishe watachokozana kwa maneno tu, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Ndio utani huo. Mmirongo akifiwa, Mgunga anakuja msibani kumdhihaki maiti, anavaa nguo zake, anatembea mwendo wake, anazuia jeneza, anadai hili na lile, na watu wanacheka hata machozi yao yanapata pa kupitia. Jambo zito lolote likitoka kinywani mwa mtani msibani, huhesabiwa kuwa mzaha. Ndiyo sheria, na ni nzee kuliko Wizara.

Nani makao makuu aliyempanga Mgunga kwenda kuzuia mazishi Mirongo, sijui. Labda kwenye ramani zao kuna barabara tu.

"Ndugu wananchi," Bwana Sengondo akaanza, "naomba tusichanganye mambo. Mazishi haya yamezuiwa kwa amri halali!"

Watu wakaangua kicheko. Wanawake wakashikana mabega.

"Sitanii!"

Wakazidi. Mzee mmoja akaomba maji.

"Nitawakamata wote!"

"Kwa mikono ipi?" akauliza mchimba visima mmoja. "Hiyo iliyokula ngoma?" Kwa sababu Wagunga wanasemwa kwamba mwaka wa njaa waliichemsha ngoma ya mfalme wakala ngozi yake, na tangu hapo harusi zao wanapiga makofi.

Naona damu ya mtu haiendi likizo. Bwana Sengondo alijibu kabla hajajizuia: "Heri sisi tulikula ngoma. Ninyi mlikaa ukingoni siku tatu mkisubiri mto umalize kupita ndipo mvuke!"

Uwanja ukalipuka. Yeye mwenyewe akaziba mdomo kwa faili.

"Mwaona, mwaona!" Bibi Nyangeta alikuwa anafuta macho. "Huyu ana kipaji. Babu yake alikuja msiba wa mama yetu akajifanya mkoloni, tukadhani hakuna atakayemzidi. Huyu kamzidi. Kaja na gari! Kaja na muhuri kabisa!"

"Muhuri huu ni wa kweli, bibi!"

"Wa kweli!" wakarudia wenzake, wakicheka hadi wakapiga magoti. Mpaka leo sijui ni wangapi pale walioamini kwamba anaigiza, na ni wangapi waliojua. Kwa uso wa Mmirongo huwezi kutambua.

Bwana Sengondo akavuta pumzi, akakunja uso, akaweka kofia sawa. Ilionekana sasa anakasirika kweli. Bibi Nyangeta akamsogelea, akamshika kifundo cha mkono kwa upole.

"Mama yako yu hai?"

"Yupo."

"Anaitwa nani?"

"Bi Mashavu."

"Mashavu binti Kolo! Jamani, mtoto wa Mashavu! Mama yako alilala katika kaburi la baba yetu, akakataa kutoka mpaka apewe jogoo mweupe. Tukampa mwekundu, akasema huyo ni wa kupaka rangi, akalala tena. Sasa, mwanangu, tumpelekee salamu gani Mashavu? Tumwambie mwanawe alikuja msibani Mirongo, akanuna?"

Nimeona watu wakitishwa na bunduki, nimeona wakitishwa na simba. Sijaona mtu aliyebadilika rangi vile. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamtazama Bi Sihaba na ungo wake. Akamtazama marehemu.

"Jua ni kali," akasema polepole. "Nifanye nini?"

"Kazi ya mtani ni kuwa mdomo wa maiti. Vaa koti lake."

* * *

Koti lililetwa likiwa limesimama. Akaingia ndani yake kama mtu anayeingia kibandani.

"Lakini simjui marehemu," akasema. "Sijawahi kumsikia akisema."

"Na hilo faili ni la nani?"

Akalifungua. Humo yote yaliandikwa, mara tatu alizokwenda Lugendo kaunta, kila neno na kila pumzi. Wizara ilikuwa imemhifadhi mzimamzima. Bwana Sengondo akaanza kusoma kwa sauti yake ya kazi, lakini ile sauti ikaanza kushuka yenyewe, ikawa nene.

"Kwanza nikuulize, mwanangu. Hii maana ni yangu, au ni yenu?"

Watu wakasogea karibu.

"Kama hii suruali yangu? ... Basi, mwanangu, tangu nizaliwe sijaivua suruali yangu mbele ya kaunta." Akakohoa.

Ungo wa Bi Sihaba ukasimama hewani. "Bado," akasema. "Alikuwa anamalizia na 'haya.'"

Bwana Sengondo akasogeza faili karibu na miwani. "Ni kweli, imeandikwa. Nimeiruka." Akakohoa upya, kile kikohozi cha mtu aliyekaa sana chini ya ardhi, akasema, "Haya."

Bi Sihaba akacheka. Kisha akalia kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, akalia sawasawa, wanawake wakamshikilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Alipotulia, Bibi Nyangeta akasema, "Sasa, mtani, uliza lile swali lako, na ulijibu."

Bwana Sengondo akaiweka sawa kofia yake ya serikali. "Marehemu Lugendo, ni nini Maana yako Binafsi?"

Akavua kofia. "Ninayo."

Akavaa. "Itoe."

Akavua. Hapo akasita, maana faili lilikuwa limefika mwisho. Ikabidi ajitegemee. "Nimeiacha nyumbani," akasema.

Kofia. "Kwa nani?"

Bila kofia. "Kwa Sihaba."

Kisha, akiwa na kofia mkononi, si huku wala kule, akamgeukia mjane. "Mama, kanuni inaruhusu maana kuletwa na mtu wa nyumbani, ikiwa mwenyewe ana udhuru."

"Kufa ni udhuru?"

"Kumo katika orodha. Baada ya mafuriko."

Bi Sihaba akajifuta uso kwa upindo wa khanga. Nikaona anapima kama aivue au asiivue.

"Mimi na yeye," akasema, "kila Jumatatu tulisimama hapa uani, bega kwa bega, mkono kifuani. Mwaka wa kwanza, ilipofika kwenye Dume la Mvua, nilimwona kwa pembe ya jicho midomo yake haifuati. Nikasikiliza. Alikuwa anasema, 'Sihaba, usinitazame, nitacheka.' Basi mimi ndiye nikacheka, ikabidi nijifanye napiga chafya. Na Jumatatu iliyofuata akaanza tena. 'Sihaba, mjumbe kavaa kanzu kinyumenyume. Sihaba, huyo jogoo anaapa kuliko wewe.' Uso wake mkavu kama jiwe! Miaka kumi na tisa, baba. Mashindano yetu yalikuwa ni hayo, nani atacheka kwanza. Nilishindwa zote. Ikifika Jumapili jioni nilikuwa naanza kuingojea Jumatatu kama mtoto anavyongoja sikukuu. Watu wazima sisi, tumekwisha kuzeeka. Hiyo ndiyo maana yake. Na ndiyo yangu."

Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa anaikagua kanzu yake.

Hakuna aliyejua afisa atafanya nini. Kwa maneno hayo mtu angefungwa hadi nywele zake ziote upya. Bwana Sengondo alitoa mfukoni kile kitabu cha kijani, akalamba kidole, akafunua. Namba moja, mvua kwa shamba. Namba mbili, akatikisa kichwa. Namba tatu, nne. Akafika ya tano, ambayo nchi nzima hakuna mtu aliyewahi kupangiwa, akaisoma kimoyomoyo, akaisoma tena.

"Namba tano," akatangaza. "'Nisimamapo kuapa, najawa na furaha nisiyoweza kuizuia.'" Akamtazama Bi Sihaba juu ya miwani. "Hakuweza kuizuia?"

"Yeye aliweza. Mimi sikuweza."

"Nyumba ni moja," akasema Bwana Sengondo, na akagonga muhuri kwa nguvu mpaka kuku wakatawanyika tena.

Kabla ya kuzika, mtani alishuka kaburini kupima kama panamtosha mwenyewe, kama mila inavyotaka. Lilikuwa refu lile kaburi, alipolala chini ilibaki sauti tu.

"Panatosha, mtani?" akauliza Bibi Nyangeta.

"Panatosha!" ikajibu sauti. "Ila hapa kuna kasoro. Kwa sheria kila chumba chenye raia kiwe na picha ya Mtukufu ukutani, na hapa siioni!"

Watu walicheka hadi baadhi wakaketi kwenye udongo. Kumtoa ilibidi itafutwe kamba ya kisimani. Kisha Mzee Lugendo akateremshwa, saa tisa na nusu mchana, akinukia udongo uliolowa, na cheti chake kifuani.

* * *

Nilitaka kuondoka kesho yake, miguu ilikuwa imeshaanza kuniwasha. Lakini nilikuwa na visu vya watu sijavimaliza, nikajikuta bado niko Mirongo Jumatatu ya wiki iliyofuata.

Asubuhi hiyo alikuja Kamishna wa Maana mwenyewe kutoka makao makuu. Taarifa ilikuwa imemfikia kwamba wilayani Mirongo amepatikana raia wa namba tano, na ingawa raia huyo amefariki, Kamishna alitaka kuiona nyumba yake na kupumua hewa yake. Mtu mnene, anatembea na kiti chake kinabebwa nyuma. Akasimama barabarani mbele ya ua wa Lugendo, na Bwana Sengondo pembeni ameshika faili.

King'ora kikalia. Mtaa mzima ukasimama. Bi Sihaba akatoka ndani, amevaa nguo za msiba, akasimama palepale pake pa siku zote, na kushoto kwake akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Akakisema Kiapo. Alikisema chote, tangu pumzi ya kuipenda nchi hadi jina la mwisho la Mtukufu, hakuruka, hakukosea, sauti haikutetemeka. Alipofika kwenye Dume la Mvua alitazama kushoto kidogo, akarudisha macho mbele, akaendelea. Machozi yalikuwa yanateremka mashavuni bila yeye kuyafuta, maana mkono ulikuwa kifuani na sheria hairuhusu kuutoa.

Kamishna alimtazama tangu mwanzo hadi mwisho, mdomo wazi. Katika miaka yote ya Wizara hakuwa ameona mtu anakisema vile.

"Yule mama analilia nini?" akanong'ona.

"Kiapo, mheshimiwa," akajibu Bwana Sengondo. "Kimemgusa."

"Mume wake ndiye yule wa namba tano?"

"Ndiye, mheshimiwa."

Kamishna akatoa kitambaa, akajifuta yeye mwenyewe macho.

"Andika apewe nishani. Sengondo, laiti tungekuwa na wajane kama huyu nchi nzima!"

"Tunajitahidi, mheshimiwa," akasema Bwana Sengondo, akiandika.